Deni la Aliyeacha Chuo Njiani

Ndugu wasikilizaji wa wilaya ya Rungwe, jambo la leo ni deni la masomo, na hasa deni la kijana aliyeondoka chuoni kabla ya kumaliza. Anarudi nyumbani bila cheti, lakini hesabu ya fedha alizosomeshewa inamfuata. Swali ninalotaka tulitafakari pamoja ni hili: je, kijana huyo ana haki ya kuomba deni lake litazamwe upya na lipunguzwe? Au akishatia saini, basi, alipe mpaka senti ya mwisho, liwalo na liwe? Jibu langu nalisema mapema ili usikilize ukijua ninakoelekea. Ana haki ya kuomba, na sisi kama jamii tuna wajibu wa kuhakikisha ombi lake lina mahali pa kusikilizwa. Sisemi deni lifutwe. Nasema lipimwe. Naomba neno hilo ulishike, maana nitalirudia.

Nianzie mbali kidogo, kisha turudi nyumbani. Huko Marekani, katika jimbo la New York, kuna chuo cha kijeshi kiitwacho West Point, kilichoanzishwa mwaka 1802. Kijana anayechaguliwa kuingia pale halipi ada. Serikali inamsomesha miaka 4, inamlisha, inamvisha, na juu ya hayo inampa posho. Yeye analipa kwa utumishi: akihitimu anakuwa ofisa, anatumikia jeshi miaka 5, na baada ya hapo anabaki katika jeshi la akiba miaka mingine 3. Je, akiona hawezi kuendelea? Utaratibu wao unampa nafasi ya kufikiri. Akiondoka katika miaka 2 ya mwanzo, anaondoka bila deni. Akishaanza masomo ya mwaka wa 3, amejifunga. Akiondoka hapo kwa hiari yake, au akiondolewa kwa utovu wa nidhamu, serikali inaweza kumtaka atumikie jeshi akiwa askari wa kawaida, au arudishe gharama za masomo yake. Na gharama hizo zinaweza kupita dola 100,000. Mfikirie kijana wa miaka 21 au 22, shahada hajaipata, kazi hana, na tayari anadaiwa fedha ambazo wengi wetu hatutazishika maisha yetu yote. Hata akitangazwa na mahakama kuwa amefilisika, sheria yao inasema deni la namna hiyo halifutiki ndani ya miaka 5 ya kwanza. Ni sheria kali, na ni kali kwa makusudi, kwa sababu jeshi halitaki mtu asomeshwe bure halafu atokomee.

Lakini hapo hapo, ndani ya sheria hiyo hiyo kali, upo mlango. Kadeti, yaani mwanafunzi wa chuo hicho, anayepinga deni anaweza kuomba lichunguzwe: je, ni halali, na je, kiasi kilichoandikwa ndicho? Waziri anayesimamia jeshi naye amepewa na sheria mamlaka ya kutodai, ikiwa kudai kungekuwa kinyume cha haki na dhamiri njema, au kinyume cha maslahi ya nchi yenyewe. Askari aliyefariki au aliyepata ulemavu kwa sababu ya vita hadaiwi marejesho hayo. Na kama yote yameshindikana, ipo bodi maalumu ya kusahihisha kumbukumbu za wanajeshi, ambako mtu anaweza kupeleka malalamiko yake kwa maandishi hata baada ya kutoka jeshini. Si kila anayeomba anafanikiwa, na wengi hukataliwa. Ninachotaka ukione, msikilizaji, ni kwamba hata jeshini, mahali ambapo amri ni amri, walioandika sheria walikubali kwamba kuna hali ambazo kudai kila kitu kunakuwa dhuluma, wakaacha nafasi ya mtu kusikilizwa. Kama jeshi limeweza, ofisi ya kiraia itashindwaje?

Sasa turudi nyumbani. Kwetu, ofisa mwanafunzi aliye katika chuo cha kijeshi cha Monduli, kule Arusha, anasomeshwa na jeshi. Mzigo wa deni la masomo kwa watoto wa Rungwe uko kwingine. Uko kwenye Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004 na kuanza kazi mwaka 2005. Kwa mkopo wa Bodi hii mtoto wa mkulima wa chai wa Katumba amekwenda Dar es Salaam, Dodoma, Morogoro, au hapo jirani tu Mbeya mjini. Sitaki mtu anielewe vibaya. Bodi imefungua milango ambayo kwa fedha za ndizi na maziwa peke yake isingefunguka. Mkopo unamlipia ada, unampa fedha ya chakula na malazi ambayo wanafunzi wenyewe wanaiita bumu, unampa ya vitabu na ya mafunzo kwa vitendo. Ni jambo jema na linapaswa kulindwa. Ila mkopo ni mkopo. Aliyemaliza anadaiwa, na aliyekatisha masomo naye anadaiwa. Tofauti yao ni kwamba wa kwanza anacho cheti cha kutafutia mshahara, na wa pili hana.

Tofauti hiyo ndiyo kiini cha maneno yangu ya leo. Mkopo wa masomo ulitolewa kwa matumaini kwamba elimu italeta kipato, na kipato kitalipa deni. Utaratibu mzima wa kulipa umejengwa juu ya matumaini hayo. Mwajiriwa anakatwa asilimia 15 ya mshahara wake; kabla ya sheria kurekebishwa mwaka 2016 ilikuwa asilimia 8. Unaweza kulalamika kwamba makato ni makubwa, na wengi wanalalamika, lakini asilimia ina busara moja: inafuata kipato. Mshahara ukiwa mdogo, makato yanakuwa madogo. Kijana aliyeugua akiwa mwaka wa 2, akakaa hospitali miezi, akakosa mitihani, akarudi Isongole kulima viazi, yeye hana mshahara wa kukatwa. Msichana aliyepata ujauzito, au aliyelazimika kurudi kumuuguza mama kwa kuwa nyumbani hakuna mwingine, naye hana. Hawa hawakuchukua elimu wakaikimbia. Elimu yenyewe hawakuipata kwa ukamilifu. Ukimpa mtu wa namna hii hesabu ileile, kwa masharti yaleyale, na kumweka katika kundi moja la wadaiwa sugu pamoja na mwenye ajira nzuri anayejificha asilipe, umewaweka pamoja watu wawili ambao haki haiwezi kuwatendea sawa.

Kwa hiyo nasema tena: deni lipo, tunachojadili ni kipimo chake. Tupime kwa nini? Mimi naona kuna maswali matatu, na la kwanza ndilo zito kuliko mengine. Kijana huyu aliondoka kwa sababu gani? Mtu aliyeamua tu kwamba masomo yamemchosha, mwenye afya njema na ada ikiwa imelipwa, hawezi kulinganishwa na aliyeondolewa na ugonjwa. Sheria ya Marekani niliyoitaja inatenganisha hayo: inamlenga hasa aliyeondoka kwa hiari au kwa utovu wa nidhamu. Sisi nasi tunaelewa jambo hilo bila kufundishwa. Nenda kwenye baraza lolote la wazee hapa Rungwe, mtu akidaiwa, swali la kwanza baada ya kujua kiasi ni, ilikuwaje hata ukashindwa? Hakuna mzee atakayetoa hukumu kabla ya kuuliza hilo. Basi ofisi iulize nayo, na jibu litofautishe hukumu.

Swali la pili ni kiasi alichopokea kweli. Hili wengi hawalifikirii. Mkopo hautoki wote siku moja. Unatoka kwa awamu, na mwanafunzi husaini kila anapopokea. Aliyeondoka katikati ya mwaka anapaswa kudaiwa kilichofika mkononi mwake na kilicholipwa chuoni kwa ajili yake hadi siku alipoondoka, basi. Je, hesabu yake inaishia hapo? Je, chuo kilitoa taarifa mapema kwamba mwanafunzi huyu hayupo tena? Hapo ndipo mtu anatakiwa kuomba taarifa ya deni lake na kuisoma mstari kwa mstari, akilinganisha na alivyosaini. Kufanya hivyo si ukorofi, na ofisi yoyote makini itafurahi hesabu zake zikihakikiwa. Swali la tatu ni uwezo wa kulipa, na hilo nitalirudia mbele kidogo, kwa sababu hapo Rungwe ina la kusema.

Labda wewe unayesikiliza unasema, huyu mtangazaji analeta mambo mageni, nchi hii haina mila ya kusamehe deni la elimu. Hebu tukumbushane historia. Oktoba 1966, wanafunzi wa chuo kikuu pale Dar es Salaam waliandamana hadi Ikulu kupinga mpango wa kuwaingiza wasomi wote katika Jeshi la Kujenga Taifa (JKT). Mpango ule ulikuwa na sehemu ya kambini, na baada ya hapo kijana angefanya kazi miezi 18 akipokea asilimia 40 tu ya mshahara wake. Hoja ya serikali ilikuwa hii hii tunayoijadili leo: umesomeshwa na taifa maskini, una deni kwa taifa. Mwalimu Nyerere alikasirika sana. Siku ile ile alipunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20, na wanafunzi karibu 400 wakarudishwa makwao. Hapo watu wengi huishia kusimulia. Sehemu inayosahaulika ni kwamba wengi wa vijana wale walikuja kurudishwa masomoni, na taifa halikuanguka. Mwalimu hakusema hakuna deni. Deni lilibaki, JKT ikabaki, lakini mlango haukufungwa milele kwa vijana walioteleza.

Na kama 1966 ni mbali mno, njoo karibu. Mwaka 2021 vijana zaidi ya 800 waliokuwa wakijitolea katika kambi za JKT waliondolewa kambini kwa kosa la kinidhamu, baada ya kudai ajira kwa njia ambayo jeshi lilisema haikubaliki. Yalikuwa maumivu makubwa kwa familia zao. Mwaka 2023 ikatangazwa kwamba wamesamehewa na wanaweza kurejea. Natoa mfano huu kwa sababu hakuna anayeweza kusema jeshi letu lina nidhamu dhaifu. Lina nidhamu ya kutosha kuadhibu, na lina nguvu ya kutosha kusamehe. Mambo hayo mawili yalikaa pamoja.

Na mfano wa tatu uko katika mikopo yenyewe. Kwa miaka kadhaa, deni la Bodi lilikuwa likiongezeka kila mwaka kwa tozo ya asilimia 6, iliyoitwa ya kulinda thamani ya mkopo. Mtu analipa, analipa, akitazama salio anaona halishuki. Aliyechelewa kuanza kulipa alipigwa faini ya asilimia 10 juu yake. Wafanyakazi walilalamika mwaka hadi mwaka. Tarehe 1 Mei 2021, katika sherehe za wafanyakazi zilizofanyika Mwanza, Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kuiondoa ile tozo ya asilimia 6, na faini ya asilimia 10 nayo ikaondolewa. Je, Bodi ilikufa? Haikufa. Mwaka wa fedha 2020/21 bajeti ya mikopo ilikuwa shilingi bilioni 464. Kufikia 2023/24 ilikuwa imepita bilioni 700. Niwe mkweli, ongezeko hilo limetokana kwa sehemu kubwa na fedha za Hazina, sidai kwamba unafuu ndio ulioleta fedha. Ninachodai ni kidogo zaidi na kinatosha: walioomba walisikilizwa, deni likapunguzwa, na mikopo ikaendelea kutolewa. Ombi lile lilikuwa la kundi zima la wafanyakazi wenye chama na jukwaa. Aliyeacha chuo njiani hana chama. Hana Mei Mosi yake. Yuko peke yake na karatasi yake.

Sasa tuwajibu wanaopinga, maana hoja zao si za kupuuzwa. Wa kwanza watasema, dawa ya deni ni kulipa. Wahenga walisema, na walisema kweli. Mimi nakubaliana nao moja kwa moja. Ndiyo maana naomba deni lipimwe ili lilipike. Deni lisilolipika halimsaidii mdai wala mdaiwa. Kijana akiliona deni kubwa kuliko maisha yake, hafanyi mpango wa kulipa. Anabadilisha namba ya simu, anakwepa ajira rasmi ili jina lisionekane, anaishi kwa kujificha. Bodi inabaki na takwimu nzuri kwenye vitabu na mkono mtupu. Deni likishushwa hadi kiasi ambacho mtu anaweza kulikabili, anajitokeza. Kenya wamewahi kujaribu jambo linalofanana na hili: bodi yao ya mikopo, HELB, imetangaza zaidi ya mara moja msamaha wa faini kwa wadaiwa watakaolipa deni lao lote kwa mkupuo. Bodi ya mikopo haiwezi kufanya hivyo kwa huruma tu. Inafanya kwa sababu inajua faini inayokua bila kulipwa haijengi darasa.

Wa pili watasema, na hoja hii ndiyo inayonigusa zaidi, kwamba fedha hizi zinazunguka. Anachorudisha mdaiwa wa leo ndicho atakachokopeshwa mdogo wake kesho. Ukimpunguzia huyu, unamnyima binti aliye kidato cha sita sasa hivi, hapa hapa Rungwe, anayesubiri mkopo huo. Hoja hii ni ya haki, na mtu yeyote anayeomba kupunguziwa anapaswa kuibeba moyoni. Jibu langu ni kwamba binti yule naye yuko katika hatari ile ile. Naye anaweza kuugua. Naye anaweza kufiwa na baba akiwa mwaka wa 2. Anapotia saini fomu ya mkopo, na mzazi wake akitia saini ya udhamini pembeni, wote wawili wanahitaji kujua kwamba balaa likiwapata hawatazikwa na deni. Ninaamini wapo wazazi wa vijijini wanaosita kudhamini kwa hofu hiyo. Mlango wa kusikilizwa unamlinda huyu aliyeanguka, na unampa ujasiri yule ambaye bado hajaanza. Na tusisahau kwamba ninaowazungumzia ni sehemu ndogo ya wadaiwa. Fedha kubwa ziko kwa waliohitimu na wanaofanya kazi. Hao walipe, na wakijificha watafutwe.

Wa tatu watasema, mkifungua mlango huo watapita waongo. Kila mtu atakuja na cheti cha daktari. Nakubali kwamba watakuwepo waongo; katika kila foleni ya haki hujipenyeza mwongo. Lakini tuna njia za kumpima mtu. Chuo kina kumbukumbu za siku alipoacha kuhudhuria na barua ya kuahirisha masomo kama aliandika. Hospitali ina faili. Mtendaji wa kijiji anajua nani alifiwa na lini, nani ana ng'ombe wa maziwa na nani hana. Kwa kweli ni rahisi zaidi kudanganya ofisi iliyoko mbali kwa fomu moja kuliko kudanganya kijiji kizima cha Mpuguso. Ukitaka kuwazuia waongo, leta uchunguzi karibu na nyumbani kwa mdaiwa. Kuufunga mlango kabisa kunamwadhibu mkweli kwa kosa la mwongo.

Nilisema nitarudi kwenye uwezo wa kulipa. Hapa naomba Rungwe isikilizwe. Uchumi wetu haupokei mshahara tarehe 25. Chai inachumwa karibu mwaka mzima, lakini baridi na ukame wa katikati ya mwaka vikija, majani yanapungua, na malipo yake mara nyingine hayaji kwa wakati. Parachichi lina msimu wake. Fedha inaingia miezi ile, kisha inanyamaza. Viazi vya Isongole bei inapanda na kushuka kwa wiki moja. Maziwa ndiyo yenye fedha ya mara kwa mara, na fedha hiyo ndiyo chumvi, sabuni na daftari la mtoto. Kijana aliyerudi kutoka chuoni bila cheti anaishi katika mzunguko huu. Ukimwambia alete kiasi fulani kila mwezi bila kukosa, mwezi wa 3 ameshindwa, na ameshaitwa mkaidi. Ukimwambia alipe baada ya kuuza parachichi, na apumzike miezi ya shida, ataweza. Haba na haba hujaza kibaba, lakini kila mkulima anajua kibaba hakijazwi wakati ghala ni tupu. Vyama vya ushirika vimezoea kukata mkopo wa pembejeo wakati wa mauzo. Kwa nini deni la masomo la mkulima lisifuate njia hiyo?

Basi kijana, na mzazi wa kijana, nizungumze nanyi moja kwa moja. Ombi la kupunguziwa deni haliandikwi kwa machozi. Linaandikwa kwa ushahidi. Eleza kwa kifupi ulianza masomo lini, ukaacha lini, kwa sababu gani. Ambatanisha kinachothibitisha: barua ya chuo, taarifa ya hospitali, cheti cha kifo cha mzazi kama ndicho kilichokurudisha. Onyesha kiasi unachokubali kwamba ulipokea. Hapa usifiche kitu, kwa sababu anayekiri deni lake lote la kweli ndiye anayeaminika anapolipinga lisilo la kweli. Eleza unachopata kwa mwaka, ukiambatanisha barua ya mtendaji wa kijiji chako. Kisha, na hili watu wengi wanalisahau, sema mwenyewe utalipa nini na lini. Ombi lisilo na ahadi ya kulipa ni rahisi kukataliwa. Ombi linalosema, nitalipa kiasi hiki kila nikiuza parachichi, naomba sehemu hii ipunguzwe kwa sababu hii, linampa ofisa kitu cha kuamua. Bakiza nakala ya kila karatasi, na pokea muhuri wa kupokelewa.

Na kwa wenye mamlaka, nasema kwa heshima yote. Kila mwaka vijana wetu wanasikia kuhusu dirisha la rufaa kwa wale waliokosa mkopo au waliopewa kidogo. Ni utaratibu mzuri, unatangazwa redioni, kila mtu anaujua. Naomba rufaa ya upande wa kulipa nayo itangazwe hivyo hivyo, kwa Kiswahili chepesi, ikieleza ni sababu zipi zinakubaliwa, ni vielelezo gani vinatakiwa, nani anaamua na kwa muda gani. Naomba sababu ya kuacha masomo iwe na uzito wake ulioandikwa, ili kijana aliyeugua asitegemee huruma ya ofisa mmoja siku moja. Naomba malipo ya mkulima yafuate mavuno yake. Na wabunge wetu, sheria ya Bodi imewahi kurekebishwa mwaka 2016 ili makato yaongezeke. Inaweza kurekebishwa tena ili mtu aliyepatwa na balaa asikilizwe.

Muda wangu unakwisha, ndugu wasikilizaji. Nilianza kwa kusema deni lipimwe, na hapo ndipo ninaposimama. Ikiwa unaye nyumbani kijana aliyerudi kutoka chuoni bila kumaliza, na halizungumzii deni lake kwa sababu ya aibu, kaa naye wiki hii. Mwambie aombe taarifa ya deni lake, mkusanye karatasi pamoja, mwandike barua. Ofisi ya kanda ya Bodi ya Mikopo iko Mbeya mjini. Kutoka stendi yetu ya Tukuyu ni safari ya kwenda asubuhi na kurudi jioni. Mwende wawili, asiende peke yake.